Madoa ya Dawa ya Fedha

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlioketi nyuma ya pazia, shikamooni nanyi. Vijana, hamjambo. Maulidi yamesomwa, ubani bado unanukia, na mwenyeji wetu hapa Mwembesongo ameniomba niseme yaliyonipata shuleni. Anasikia watu wanaulizana kama wawapeleke watoto kwa Wadachi au wawafiche shambani. Sikuja kuwaamulia. Nimekuja kuwaeleza jinsi upweke ulivyotaka kunimaliza, na jinsi Mungu alivyonitoa humo. Majina ya watu sitayataja. Wengine wao wamo humu ndani.

Nilizaliwa juu milimani, upande wa Matombo. Baba alifariki mapema, nikalelewa na mjomba, kama ilivyo kwetu Waluguru. Akida wa serikali alipopita kutafuta watoto wa shule, kila nyumba ilikuwa na udhuru wake. Mjomba alinitoa mimi. Mama alinifungia ndizi za kuchoma kwenye jani, akanisindikiza mpaka pale njia inapoanza kuteremka, akageuka.

Shule ya hapa mjini ilikuwa ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Kisha akaja Mdachi mmoja mwenye ndevu nyekundu, akaanza kutufundisha kemia. Ndugu zangu, msiogope jina. Ni elimu ya kujua kitu kimeundwa na nini, na kinageuka vipi kikikutana na kingine. Katika darasa la chini tulikuwa wengi, na tulifurahi kama watoto kwenye ngoma. Alikuwa na karatasi ambayo ukiichovya kwenye maji ya limau inakuwa nyekundu, ukiichovya kwenye maji ya majivu inakuwa buluu. Alichoma mawe mbele yetu yakawa chokaa, akamwagia maji, chokaa ikatokota bila moto. Tulipiga kelele mpaka askari wa boma akaja kuchungulia.

Darasa la juu lilikuwa jambo lingine. Mdachi alituchagua wawili tu, mimi na kijana mmoja wa Mikese, tukahamia kwake kwenye nyumba ya vipimo, huko ulikoletwa udongo wa mashamba na mawe ya milimani yapimwe. Kitabu kilikuwa cha Kijerumani, lugha yao Wadachi. Kila kitu kilikuwa na alama zake, na mizani yenyewe ukiipumulia inayumba. Nawaambia kweli, peke yangu nisingeweza hata mwezi. Lakini tulikuwa wawili. Neno nisilolijua mimi, yeye alilijua. Tulikuwa tukienda mtoni kufua huku tunabishana kuhusu kemia kama watu wanaogombania mpaka wa shamba.

Humo tulitumia dawa moja iliyotengenezwa kwa fedha. Ikikugusa ngozi huioni. Ukitoka juani, pale ilipogusa panakuwa peusi, na hapatoki kwa sabuni wala kwa mchanga. Viganja vyetu vilijaa madoa, na kucha vilevile. Mwenzangu alicheka, akasema, "Sasa tumeshapigwa chapa, hatuwezi kutoroka."

Masika yale akapata homa, mkojo ukawa mweusi. Hakukaa siku nyingi. Walioitwa kumwosha walipoona viganja vyake wakarudi nyuma, wakaulizana ni ugonjwa gani ule. Nilisema, "Ni dawa ya shule, mimi pia ninayo." Nikawaonyesha mikono yangu. Ndipo na mimi wakanikimbia. Sheikh, Mungu amlipe, alikunja kanzu akamwosha mwenyewe.

Kuanzia hapo, ndugu zangu, nilijua upweke ni kitu gani. Darasani tulibaki mimi na Mdachi, naye hakuwa mtu wa maneno. Sokoni niliponyoosha mkono kupokea karanga, muuzaji alinimwagia chini kwenye jani. Vijana niliosoma nao darasa la chini walinipa jina, wakaniita Mganga wa Wadachi. Nilikuwa nikisoma jambo zuri, moyo unaruka, nageuka kumwambia mwenzangu, naona kiti kitupu. Mtu akijua jambo ambalo hana wa kumwambia, jambo lile linamgeukia likawa mzigo.

Nikaomba ruhusa, nikapanda nyumbani. Nilisema moyoni, kwa mama nitapumua. Nilifika jioni, ugali umeshapakuliwa, nikanawa, nikakaa na wenzangu kwenye mkeka. Mjomba akautazama mkono wangu.

"Mkono huo unapika nini huko?" akauliza.

"Haupiki kitu, mjomba. Ni madoa tu ya dawa."

"Dawa ya kumfanya nani?"

Nilijaribu kueleza. Jamani, nilijaribu! Lakini maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya Kijerumani. Nilifungua kinywa, nikasikia mwenyewe kwamba ninachosema hakina maana kwa mtu yeyote aliyekaa pale. Mjomba akamwashiria mama. Mama akanyanyuka, akanitilia ugali wangu kwenye kibakuli, akakiweka pembeni, mbali na sinia ya wote. Alikiweka taratibu sana, na hakunitazama. Nilikula. Sijui nilikula nini.

Niliporudi mjini niliacha kusema. Mdachi akiuliza, najibu ndiyo au hapana. Mtihani wa darasa la juu ulikuwa unakaribia, nami nilikuwa nimekwisha kata shauri. Nitaondoka niende mbele huko inakojengwa reli, nibebe mataruma yake, mahali ambapo hakuna anayejua mikono yangu ilitoka wapi. Nilifunga nguo zangu kwenye kitambaa.

Asubuhi ile ya kuondoka, natoka mlangoni, nikamkuta mwanamke amekaa kwenye ngazi. Amevaa kaniki, ana kibuyu cha maji na kifurushi. Alikuwa ametoka Mikese kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua vitu vya mtoto wangu. Alipokufa nilikuwa mgonjwa, sikuweza hata kuinuka. Ndiyo sasa nimepata nguvu."

Nilimletea sanduku la mwenzangu. Hakulifungua. Alilipakata, akasema, "Watu wananiambia mwanangu alikuwa anafundishwa uchawi. Wengine wanasema alikuwa anatengeneza sumu. Mimi sijasoma. Nimemuuliza kila mtu niliyekutana naye, hakuna anayejua. Wewe ulikuwa naye. Alikuwa anasoma nini?"

Ndugu zangu, nilitaka kusema sijui. Kifurushi changu cha nguo kilikuwa mkononi. Lakini hebu nambieni, utamwambiaje mama hivyo?

Nikatazama kile kibuyu. "Maji hayo ni ya wapi?"

"Ya kisima chetu."

Nikamwomba Mdachi ruhusa. Alimtazama yule mama, akavua kofia, akasema kwa Kiswahili chake, "Onyesha yeye." Nikachukua glasi mbili. Moja nikatia maji ya mto, nyingine maji ya Mikese. Zote mbili ukizitazama ni maji tu. Nikatia tone la ile dawa ya fedha kwenye maji ya mto, yakabaki vilevile, au karibu vilevile. Nikatia tone kwenye maji ya Mikese. Yakageuka meupe, kama mtu ametia tui.

"Hii ni chumvi, mama," nikasema. "Huioni, lakini imo. Dawa inaitafuta na kuitoa nje. Hii ndiyo kazi aliyokuwa anasoma mwanao. Kuuliza kitu kilivyo ndani, na kukifanya kijibu."

Akaweka mkono kinywani. "Aliniambia! Alikuja likizo, akaniambia kisima chetu kina chumvi ndiyo maana maharage hayaivi upesi. Nikamcheka. Nikamwambia maji ya babu zako unayatia kasoro?" Akaanza kulia, na katika kulia akacheka. "Niambie na mengine."

Nikamwambia. Nilikaa naye mpaka jua likawa la utosi. Nilitafuta Kiswahili cha kila kitu, na pale kiliponishinda nikatumia chungu, jivu, limau, kutu ya jembe. Nilikuwa sijaongea hivyo tangu mwenzangu afariki. Nilisikia sauti yangu kama ya mtu anayerudi kutoka safari.

Kisha akafungua kifurushi chake, kulikuwa na mihogo ya kuchemsha. Nikarudisha mikono nyuma, kwa mazoea. Akaivuta, akaigeuza viganja juu, akaitazama sana.

"Ya kwake ilikuwa hivi?"

"Hivi hivi, mama."

Akamega muhogo, akauweka kwenye kiganja changu, naye akamega kipande kutoka mle mle kiganjani, akala.

Sikuondoka. Nilirudi darasani, nikaufanya mtihani wa darasa la juu, nikafaulu. Leo udongo wa mashamba ya huku unapita mikononi mwangu kabla haujapandwa kitu. Msidhani kila kitu kimenyooka. Mjomba mpaka leo hali nami sinia moja, na sasa ni mzee, nimemwacha na lake. Mama ndiye aliyeshuka mlima mwenyewe kuja kuniona, na tulikula pamoja, na wote wawili tulilia. Ya kibakuli hatukuyazungumza.

Namshukuru Mungu. Namshukuru sheikh aliyekunja kanzu, na yule Mdachi aliyevua kofia. Zaidi namshukuru mama wa Mikese. Hayupo hapa, miguu yake haiwezi tena safari, lakini mtu akipita kwake amwambie nimemtaja mbele za watu.

Na ninyi wenye watoto shuleni, ninalo ombi moja. Mtoto akirudi, mkalisheni kwenye sinia, kisha mwulizeni amesoma nini. Akiwajibu msielewe, mwulizeni tena. Mimi sikuokolewa na mtu aliyenielewa. Niliokolewa na mama aliyekaa kwenye ngazi, akataka kujua.