Mama 'Mampoi na Ukuta Unaosubiri Mvua

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Mama 'Mampoi Letlatsa atakabidhi funguo za Kituo cha Urithi cha Ha Lepolesa. Funguo tutazipata. Ule uma anaochorea ukutani, ambao kwa haki ni mali ya jiko la Kituo, ametuambia tuusahau.

Aliajiriwa kuwatembeza wageni na kuwaeleza habari za litema, michoro ambayo mama zetu wa Kisotho huichora kwa vidole na uma kwenye ukuta uliokandikwa udongo na samadi, ungali mbichi. Sauti yake ilifika barabarani. Wapo waliolipa kiingilio ili tu wajue ni nani anayegombana humu ndani, kumbe mama anaeleza.

Kituo kilipoanzisha masomo ya bure mtandaoni kuhusu historia na sanaa zetu, aliomba mwenyewe kufundisha, na sababu hakuificha. Bega lake la kulia lilikuwa limeanza kugoma. Wake za wanawe, ambao ndio wangemchorea, wanafanya kazi ng'ambo ya mpaka, na majirani wamehamia kwenye saruji na rangi ya kopo. "Kustaafu sikuogopi," alituambia. "Naogopa kustaafu halafu kila asubuhi niamkie ukuta mtupu. Nitafutieni mikono, hata kama iko ndani ya simu."

Mkurugenzi wetu, Ntate Phafoli, yaani Bwana Phafoli, alitaka achore kwenye ubao ukumbini, sakafu isichafuke. Mama akamtazama kuanzia viatu kupanda juu. "Ntate, huo ubao una mlango? Kuna mtu anapika ndani yake? Mimi sichori nyumba isiyo na mwenyewe." Basi kamera ikahamia nyumbani kwake, na mimi niliyeishika nikajifunza kukanda samadi kabla sijaruhusiwa kubonyeza chochote.

Somo ambalo halisahauliki lilirushwa moja kwa moja, mwaka ule wa ukame. Ukuta mzima ulikuwa umekamilika na unapendeza, wanafunzi wa nchi mbalimbali wakiutazama, mara mvua ikamwagika. Nililivua blanketi nililojitanda mabegani nikaifunika kamera. Michoro ikaanza kuteremka ukutani na kuwa tope. Salamu za rambirambi zikamiminika kwenye simu: pole mwalimu, kazi yote imepotea!

Mama 'Mampoi alikuwa anapiga vigelegele. Alicheza uani, peku, amelowa chapachapa. "Pole ya nini, nyie? Tumechora kuiita mvua, imekuja, sasa mnalia? Somo limekwisha vizuri kuliko nilivyopanga!" Mwanafunzi mmoja wa Ureno akauliza kwa nini basi ukuta usipakwe dawa ya kuzuia maji. "Ukishaupaka," akamjibu, "mwakani utafanya kazi gani? Na mama mkwe atajuaje kwamba wewe ni mvivu?"

Tangu siku hiyo darasa lilijaa. Hakuna ada wala cheti, na anayekosea husemwa mbele ya dunia nzima. Leo wapo walimu wa sanaa, wastaafu na wanafunzi wa vyuo waliopita mikononi mwake. Najivunia kwamba nilikuwepo.

Lakini bega lilizidi kuharibika. Krismasi iliyopita, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, ukuta wake ulibaki mtupu. Sifa zilikuja kutoka mabara yote, ila hakuna mtu aliyekuja na beseni la udongo kumsaidia. Hakulalamika, na kwa mama huyu, hilo lilitutisha kuliko kelele.

Jumamosi iliyopita basi kutoka Maseru liliwashusha wanawake watano wa viwanda vya nguo. Hakuwahi kuwaona. Walikuwa wamejifunza kwake kwenye simu wakati wa mapumziko ya mchana, na kila mmoja alikuwa na uma wake. "Tumekuja kufanya mtihani, Mama," alisema mkubwa wao, Limpho. Mama aliwekewa kiti uani na hapohapo akaanza: "Wewe mwenye kofia! Hiyo kona unayoikwepa inakudai? Futa!" Kona ilifutwa mara tatu. Walipomaliza, machozi yakimtoka, aliomba uma akachora mstari mmoja chini kabisa, pale mkono wake unapofika.

Mama 'Mampoi, kwa niaba ya wafanyakazi wote tunakushukuru kwa kutufundisha, kwa kutugombeza na kwa kutulisha. Nikiandika haya mawingu yanapanda upande wa milimani, na Limpho ameshapiga simu kuuliza udongo utachimbwa lini tena. Basi sisi tunakutakia mvua, Mama: mvua kubwa, iufute ukuta wako wote.

Tsietsi Ramakatsa
Kitengo cha Masomo ya Mtandaoni