Kipa Asiyedaka Mpira

Ndugu zetu, majirani, na nyote mliofika kumsindikiza mzee wetu, kabla hatujasoma tarehe tuwatoe kwanza tongotongo, kwa sababu tangu jana tumewasikia vijana pale nje wakiulizana mzee alichezea timu gani. Marehemu hakuwahi kudaka mpira hata siku moja, jina la Kipa alilipata kwenye chumba cha kufulia nguo, kwa neno moja la Kiingereza alilolijua nusu kwa miaka kumi na moja.

Alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tano wa mpiga pasi na mkewe, akaanza shule Januari 1957, akasoma mpaka darasa la tatu, baba yake alipougua mgongo akaachishwa ili ashike pasi ya mkaa, na mama yake akamwambia, "Kalamu imekukimbia mwanangu, basi pasi nayo isikuponyoke." Haikumponyoka, maana tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa udobi katika hospitali kubwa ya mji, na hapo alikaa hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2008.

Kiingereza alikisoma ukutani. Mlango wa chumba cha boila ulikuwa na kibao, kipu auti, akaambiwa maana yake usiingie, wodini kulikuwa na kipu kwayeti, maana yake nyamaza, barabarani mbele ya geti kipu lefti, shika kushoto, na mtunza stoo aliitwa stoo kipa, basi marehemu akajumlisha mwenyewe, akaona neno hili kipu kazi yake ni moja tu, kulinda, mlango unalindwa usiingiliwe, mdomo unalindwa usiropoke, gari linalindwa lisiache upande wake, na kwa mtu wa darasa la tatu alikuwa hajakosea sana.

Jumamosi ya tarehe 17 Aprili 1971 alimwoa binti wa seremala, aliyekuwa amefundishwa ushonaji na shangazi yake kwa miaka miwili, akaja kwa mumewe na mkasi, futi ya kupimia na sindano za kila saizi, kila kitu cha fundi isipokuwa cherehani, na Mungu akawajalia watoto wanne, wa mwaka 1972, 1975, 1978 na 1983, wote wako hapa mbele yenu.

Mwaka 1973 alifika hospitalini daktari wa meno, mama mmoja mgeni ambaye Kiswahili chake hakikuvuka salamu, na marehemu ndiye aliyemfulia makoti yake meupe, siku moja akakuta pete mfukoni, akampelekea kabla mwenyewe hajajua kwamba imepotea. Tarehe 14 Machi 1979 mama huyo aliitwa kwao ghafla kwa ugonjwa wa mzazi wake, akamwita marehemu nyumbani, masanduku yamefungwa, gari linanguruma nje, akaweka mkono juu ya cherehani yake ya miguu, akaisukuma kuelekea kwake, akasema, "Kipu iti, kipu iti," anacheka huku machozi yanamtoka, akaondoka.

Marehemu aliileta kwa mkokoteni, akaiweka pembeni mwa chumba cha mbele, na mkewe alikuwa ameshatoa mkasi kwa furaha alipomsikia akisema, "Mama watoto, nimeaminiwa kwa sababu ya ile pete, hii ni amana, hata sindano yake isiguswe," akaifunika kwa shuka nene la buluu. Kesho yake kazini, mkuu wa madobi alimwuliza kwa nini mke asishone hata viraka, naye akajibu, "Wewe umeona wapi kipa akasema goli ni lake? Kazi yake ni kulilinda," wakacheka mpaka ndoo ya wanga ikamwagika, na tangu siku hiyo kila asubuhi ikawa, "Kipa, goli salama?" naye, "Halijaingia hata bao moja."

Utani huo ulikuwa wa kazini, nyumbani haukumchekesha mtu. Mkewe alishona kwa mkono, ameipa mashine mgongo, na kila Jumamosi marehemu aliifunua, akaitia mafuta kwa kopo lake dogo lenye mdomo mrefu, akalizungusha gurudumu mara tatu bila uzi, akaifunika, mke akisema, "Baba watoto, tumefuga ng'ombe wa maziwa, tunamlisha, tunamwogesha, kumkamua mwiko," na mama mkwe, Mungu amrehemu, ambaye ulimi wake mnaukumbuka, akamwambia mbele ya wageni, "Mkwe wangu, chuma unakipaka mafuta kila wiki, mwanangu ana magaga."

Hili linalofuata marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe, lisirukwe. Mwezi Mei 1984 mtoto wa kwanza alirudishwa kutoka shuleni kwa kaptula iliyochanika, na kidole cha mama yake kilikuwa kimevimba kwa kuchomwa sindano, mama akaomba mshono mmoja tu wa mashine, marehemu akakaa mbele ya mashine muda mrefu, ameshika ncha ya shuka, kisha akasema hapana, akaishona kaptula mwenyewe kwa mkono, mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwenzake. Mkewe akafunga mzigo wake, akaenda kwa mama yake siku kumi na saba, na aliporudi alisema, "Usidhani umeshinda, nimerudi kwa sababu mtu anayelinda chuma cha mgeni hivi, na mimi atanilinda," ila alisema bila kutabasamu, na kwa miaka sita hakuitaja tena mashine ile.

Julai 1990, mtoto wa pili, binti, akiwa kidato cha pili, mwalimu wao wa Kiingereza aliwafundisha kwamba neno kipu lina mikia, na mkia ndio unaogeuza maana, binti akaja nyumbani na daftari lake akauliza, "Baba, yule daktari alisema kipu iti, au alisema kipu iti foo mi?"

"Kipu iti. Mara mbili."

"Hakuweka mkia?"

"Mkia gani?"

"Foo mi, yaani nitunzie mimi."

Marehemu akasimama, akaigiza siku ile yote, mkono juu ya mashine, ule msukumo, kicheko, machozi, akarudia mara ya pili na ya tatu, mkia hakuuona. "Basi, baba, hakukuwekesha," binti akasema, "alikupa, imekuwa yako tangu siku ile." Marehemu akafoka, "Unataka nizikwe na mali ya watu?" lakini kesho yake alivaa shati la kutokea, akaenda shuleni kumwuliza mwalimu, mwalimu akasema ni kweli, bado hakuridhika, akaiomba hospitali imtafutie anwani, akamwandikisha binti barua. Jibu lilifika tarehe 6 Desemba 1990, daktari aliandika kwamba anamkumbuka sana mtu wa pete, kwamba mashine ilikuwa zawadi, na akauliza, kwa miaka yote hiyo imewashonea nguo ngapi?

Hapo ndipo marehemu alipolia, kwa kuwa jibu lilikuwa hata moja. Aliliondoa shuka mwenyewe, akaweka kigoda, akasema, "Kaa, mama watoto, leo kipa amefungwa," na mkewe hakukaa, alimtazama akasema, "Mimi umenisimamisha miaka kumi na moja, na wewe simama kidogo," akamwacha amesimama na shuka lake mkononi mpaka chai ikachemka na kuepuliwa, ndipo akakaa. Kitu cha kwanza alichoshona ni koti jeupe la daktari wa meno, marehemu akalitia wanga, akalipiga pasi, likatumwa kwa posta. Baada ya hapo mashine haikupumzika, ilishona sare za shule tatu na makoti ya wauguzi, na yule binti wa mikia leo ni mwalimu wa Kiingereza.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo Machi 2021, akalazwa tarehe 22 Julai 2022 katika hospitali ileile, ambako aliwaambia wauguzi kwamba dawa ni nzuri ila shuka zimepigwa pasi kivivu. Tarehe 8 Agosti aliomba aletewe kopo lake la mafuta, akaliweka kwenye kiganja cha mkewe, akasema, "Kipu iti," mkewe akamwuliza, "Ipi hiyo, Kipa, yenye mkia au isiyo na mkia?" marehemu akacheka mpaka muuguzi akaja mbio, kisha akamjibu mkewe, "Haina mkia, mama watoto." Alifariki kesho yake, saa kumi jioni, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, madobi waliozipiga pasi upya zile shuka bila kununa, majirani ambao tangu juzi hamjatuachia sufuria hata moja tuoshe wenyewe, na wastaafu wenzake, ambao asubuhi ya leo mlisimama mlangoni mkauliza, "Kipa, goli salama?" tukakosa wa kuwajibu. Tunawajibu sasa, liko salama, na shati alilovaa limeshonwa na mkewe kwa mashine ileile.

Kipa wetu, pumzika kwa amani, na amani hiyo ni yako, haina mkia.