Mwavuli wa Alfajiri

Kwenye basi la kutoka Cullera kwenda Valencia, Encarna alijifanya anatazama mashamba ya mpunga, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Mwanamke aliyelaliwa begani na mumewe alikuwa akimsimulia abiria wa pembeni: "Likizo ya siku tatu, na kila alfajiri ananitoroka kitandani! Nikajua nimeshaibiwa mume. Leo nikamfuata. Kumbe anawahi kuchomeka mwavuli ufukweni, tupate nafasi ya mbele! Kanificha kwa sababu watu wa hivyo huwa nawasema."

"Mwavuli mmoja tu?"

"Mmoja."

"Basi mshukuru Mungu, mwenzangu. Wangu alikuwa akichomeka miwili, na huo wa pili sikuwahi kukaa chini yake mimi."

Basi likasimama. Mke akamwamsha mumewe kwa busu, na Encarna, aliyebana pumzi tangu basi lilipopita mji wa Sueca, akazishusha.