Nusu Ngapi Zimo Ndani ya Tatu: Maisha ya Mama, Mwalimu Taratibu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wanafunzi wa Mama mliokuja na ambao leo ndiyo mara yetu ya kwanza kuwaona sura, poleni kwa safari na poleni kwa kusimama, viti havikutosha. Tumechoka sote. Nitasoma polepole kama alivyopenda yeye, na huyu mgongoni akilia mtanivumilia, amezoea kulia masomo yakiendelea. Mimi ni mke wa mwanawe wa pili. Wenye elimu wapo wengi katika familia hii, lakini Baba amesema asome aliyekuwa naye chumbani.

Mama alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu na wa mwisho. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala la nafaka na mama yake alifua nguo za watu. Nyumba yao ya vyumba viwili iliegemea ukuta wa ghala, na dada yake, aliyeketi hapa mbele, anasema usiku waliwasikia panya wa upande wa pili wakishiba kuliko wao. Mama alichelewa kutembea, akachelewa na kusema. Watu walipoanza kunong'ona, bibi yake aliwaambia, "Mwacheni. Kawia ufike." Neno hilo alikua nalo mpaka likawa kama jina lake la pili.

Aliingia shule ya msingi mwaka 1966. Darasa la nne alilirudia, na hakulificha hilo hata kwa wanafunzi wake. Kilichomwangusha ni hesabu za sehemu. Mwalimu wao aliwafundisha kugawanya kwa kupiga meza: "Ya pili igeuze, zidisha, usiulize!" Mama akauliza. Akatolewa nje, akakaa juani na swali lake. Alimaliza sekondari mwaka 1977 na chuo cha ualimu mwaka 1979, akachagua kufundisha hesabu. Dada yake alipomuuliza kwa nini achague somo lililomtesa, alimjibu, "Kuna swali langu limebaki nje."

Alifundisha shule tatu, kuanzia Januari 1980 hadi alipostaafu mwaka 2018. Madarasa yalijaa watoto wanaokaa wanne dawati moja, na sauti yake ilijifunza kufika hadi dirisha la nyuma.

Tarehe 20 Agosti 1983, siku ya Jumamosi, aliolewa na Baba yetu, fundi saa. Walijuana kwa ugomvi. Alipeleka saa ya mkono, akaambiwa arudi Alhamisi. Alhamisi akaambiwa Jumatatu. Jumatatu akavuta kigoda akakaa mlangoni mwa kibanda, akaanza kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Baba anasema wateja wengine walidhani ameajiri karani. Akamwambia, "Dada, utakaa hapo mpaka lini?" Naye, bila kuinua kichwa, "Mpaka saa yangu ijue ni saa ngapi." Walijaliwa watoto watatu, na saa ile bado inachelewa.

Alipostaafu tulidhani atapumzika. Lakini kituo kimoja cha kufundishia watu wazima waliokatisha shule, wale wanaosomea kwenye simu wakitoka kazini, kilimwomba arekodi masomo ya hesabu kwa video. Walikuwa wapishi, madereva, waashi, mama wa nyumbani, watu wa kurudia mtihani. Mume wangu ni fundi simu, akamfungia simu kwenye stendi katika chumba cha uani. Siku ya kwanza Mama alisimama ukutani akafundisha kwa sauti ya dirisha la nyuma. Mwanawe akavua visikilizio vya masikioni. "Mama, wanafunzi hawako ng'ambo ya mto."

"Sasa wako wapi?"

"Wako hapa. Kama mtu aliyekaa kitandani kwako."

Alilifikiria hilo siku nzima. Kesho yake alikaa chini, akashusha sauti, na hakuipandisha tena. Godoro tukalisimamisha ukutani kumeza mwangwi. Tulirekodi asubuhi, watoto wa mtaa wakiwa shuleni. Saa za Baba zilikuwa zikisikika kwenye kila somo, tiki tiki tiki, kwa hiyo kabla ya kuanza Baba alizikusanya kwenye beseni, akazifunika blanketi, akazitoa uani kama mtu anayetoa vifaranga.

Alikuwa na taratibu zake. Somo moja, jambo moja. Mkono kwanza, mdomo baadaye: alichora kimya, akakuacha utazame, ndipo aseme. Akikosea hesabu hakutaka pakatwe. Mwanawe akimwambia hapa nitapafuta, alijibu, "Acha. Waone mtu akipotea na akirudi." Na kila somo alilifunga kwa maneno yaleyale: "Rudia taratibu, sina haraka na wewe." Ndiyo sababu wakamwita Mwalimu Taratibu.

Lakini utaratibu wake mkubwa ulikuwa huu. Hakuweza kufundisha kioo cha simu. Nyuma ya simu lazima akae mtu asiyelijua somo, amtazame usoni. Uso ukijikunja, alisimama akaanza upya kwa njia nyingine. Mimi nimeishia darasa la saba na sehemu sikuwahi kuzielewa, basi nikawa ndio darasa. Nilikaa pale nikinyonyesha. "Usijikaze kuelewa," aliniambia. "Ukijikaza unanidanganya."

Mwezi Mei mwaka huu alifika somo la mwisho, lile lililomtoa nje darasa la nne: kugawanya kwa sehemu. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Alichukua utepe wa mita tatu, akaukunjua mezani, akachukua na kipande cha nusu mita. Akauliza nusu ngapi zimo ndani ya tatu. Akapima, akaweka alama, akapima tena. Sita. Nikasahau kwamba tunarekodi, nikasema, "Mama, mbona nimegawanya na imeongezeka?" Akacheka, akarudi mwanzo wa utepe, na safari hii nikaona: hatukuwa tunapunguza kitu, tulikuwa tunahesabu vipande. Alilala mchana ule amechoka lakini uso wake umetulia.

Jioni mwanawe akaja na simu mkononi. "Mama, picha safi kabisa. Sauti iko wapi?"

"Iko kooni mwangu, ulitaka iwe wapi?"

"Kipaza sauti kilizimwa."

Alikuwa amekizima mwenyewe kabla ya kuanza, ili kikohozi kisiingie, na hakukiwasha tena. Somo zima midomo inakwenda, hakuna neno.

Tukarudia. Haikuwa. Alinitazama nyuma ya simu, akaacha utepe. "Wewe umeshajua. Uso wako hauulizi kitu. Umeniharibia darasa." Akaletwa Baba. Baba alisinzia kabla ya nusu ya tatu, na mkoromo wake umo kwenye simu mpaka leo. Akaletwa muuza mkaa wetu, mtu wa heshima sana, kila neno, "Ndiyo, mwalimu."

"Hapa umeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Wewe hujaelewa hata kidogo."

"Ndiyo, mwalimu."

Tulicheka hadi Mama akashindwa kupumua, na siku ile tukatambua kwamba si kikohozi cha kawaida. Daktari alisema mapafu yameingia makovu na hayatarudi kama zamani. Mama aliuliza swali moja tu: yatampa mpaka mtihani wa Novemba? Daktari akasema tuombe Mungu.

Kuanzia hapo alitaka kitu kimoja, wanafunzi wasiingie mtihanini bila lile somo. Masomo mengine aliyarekodi upya akiyafupisha, sentensi moja, pumzi, sentensi moja. Wanafunzi wakaandika kumsifu kwamba siku hizi anaeleweka zaidi, hana maneno mengi. "Wanalisifu pafu langu," alisema. Lile la mwisho alilijaribu tena Julai, akalijaribu Agosti. Aliposikiliza alikataa lisiende. "Hii sauti itawatia wasiwasi. Watanihurumia mimi, somo litawapita."

Septemba alilazwa. Nanyonyesha mtoto, nauguza mkwe, nimejifunza kulala nimeegemea ukuta wa wodi. Nasema hivyo kwa sababu yeye alikuwa akiona. Kila nilipoingia alisogeza miguu ili nipate pa kukaa kitandani. Mwanzoni mwa Oktoba aliomba arudishwe nyumbani.

Mume wangu akasema, "Mama, nitamtafuta mwalimu mwingine asome maneno juu ya picha zako."

Akatikisa kichwa. "Ataniwekea lile 'usiulize.'" Akapumzika. "Ile ya bubu. Tia maandishi. Chini. Machache."

Maneno yenyewe hayakuwa yameandikwa popote. Yalikuwa kwake, na kidogo yalikuwa kwangu niliyekaa mbele yake. Basi tulikaa, simu juu ya mto, yeye ameegemea lile godoro la mwangwi, mimi nimeshika mkono wake. Nilisimamisha picha nikamuuliza, "Hapa ulisema, pima mpaka utepe uishe?" Akinifinya mara moja, ndivyo. Mara mbili, sivyo, fikiri tena. Mengine niliyakosea na akanifinya kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Mume wangu aliandika. Baba alizitoa saa zake uani, ingawa hapakuwa na cha kurekodiwa.

Mwishoni kabisa, baada ya utepe, midomo yake haikusema "Rudia taratibu." Anaonekana akitazama nje ya simu, anasema neno fupi. Nililikumbuka. Nikamuuliza, "Mama, hili ulikuwa unaniambia mimi. Niliandike?"

Akanifinya mara moja.

Somo lilitumwa Jumatatu tarehe 13 Oktoba, asubuhi. Alasiri mwashi mmoja akaandika kwamba ameliangalia kazini wakati wa chakula, wenzake wakamuuliza anatazama nini kisicho na sauti, na sasa wako wanne. Nilimsomea Mama. Akauliza, "Wana utepe?"

"Wana kamba yao ya uashi, Mama."

"Basi inatosha."

Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, muda mfupi baada ya kupambazuka, Mama alivuta pumzi moja, akapumzika, na nyingine haikuja. Alikuwa na miaka sitini na saba.

Ameacha mume, fundi saa, ambaye leo ametoka bila kuvaa saa. Ameacha watoto watatu na wakwe zake, wajukuu watano, huyu wa mgongoni akiwa wa mwisho, na dada yake mmoja. Ameacha wanafunzi ambao idadi yao hatuijui. Mtihani ni mwezi ujao. Ninyi mnaoufanya, mkifika kwenye kugawanya, msigeuze kabla ya kuuliza. Mama aliuliza kwa niaba yenu, akakaa juani kwa ajili hiyo.

Na mtakaolitazama somo lile hadi mwisho, neno lililo chini ya picha ni moja. Alinipa mimi siku ile uso wangu ulipofunguka, na leo sisi watoto wake tunamrudishia yeye, tumechoka na tumesimama, hatuna kingine cha kumpa.

Umefika.

Ulikawia, Mama, na umefika. Pumzika kwa amani. Hatuna haraka na wewe.