Chupa Iliyopashwa Joto Kwapani

Kila asubuhi, kabla ya kuingia wodi ya wagonjwa mahututi, marehemu aliibana kwapani chupa ya jeli ya altrasaundi mpaka ipate joto. "Asiyeweza kusema naye anasikia baridi," alisema. Wauguzi wakambandika jina la Mtetea.

"Daktari, leo unaatamia mayai mangapi?"

"Manane, kitanda kwa kitanda. Ukizidi maneno, utakuwa la tisa."

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Shule ya msingi aliisoma zamu ya mchana, kwa kuwa viatu vilikuwa miguuni mwa kaka yake asubuhi. Alihitimu udaktari mwaka 1984.

Alitumikia hospitali moja miaka thelathini na minne. Kazi iliyomjengea jina ilikuwa kuchungulia matumbo ya wagonjwa waliolazwa usingizi kwa dawa, wasioweza kulalamika. Kwa mashine ndogo ya magurudumu, papo hapo kitandani, aliutafuta utumbo uliokosa damu: uliovimba, ulioacha kucheza, au uliopeleka viputo vya hewa kwenye mishipa ya ini. Mezani nyumbani alirudia kanuni yake mpaka watoto wakaimaliza kabla yake: "Ukiuona ubaya, uamini. Usipouona, endelea kuutafuta." Hakusema aliitoa wapi.

Tarehe 18 Agosti 1990 alimwoa mkutubi wa chuo. Barua yake ya kwanza ya posa haikupata jibu. Mwandiko wake wa kidaktari haukusomeka.

Tarehe 2 Juni mwaka huu alilazwa kwa nimonia katika wodi ileile, kitanda cha nne. Akawekewa bomba la kupumulia na kulazwa usingizi kwa dawa; moyo ukaanza kwenda mrama. Tarehe 9, saa nane mchana, tumbo lilijaa. Daktari kijana aliyefundishwa naye alileta mashine; binti mdogo wa marehemu akapasha jeli kwapani mwake.

"Sioni ubaya," alisema kijana, "ila gesi ya tumboni imeniziba nisione vizuri. Dada, tumpeleke akapigwe picha ya CT jengo la pili. Njiani presha inaweza kushuka, sikufichi."

Binti alishika lile "sioni ubaya", akaliacha la gesi. Aliogopa baba asije akafia kwenye korido. Yeye, aliyeijua kanuni kwa moyo tangu utotoni, akasema, "Tungoje kesho."

Kesho yake madaktari wa upasuaji walikuta sehemu kubwa ya utumbo imekufa. Marehemu aliaga dunia tarehe 13 Juni, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, na wauguzi ambao hadi leo hubana chupa kwapani. Alale salama, mikono yake ipumzike.

Siku moja kabla ya kufariki alizinduka, bomba la kupumulia likiwa limetolewa, akaomba maji. Binti alimlowesha midomo kwa pamba. Binti huyu hakuwahi kuwa msemaji. Swali lenyewe lilimtoka kwa shida.

"Baba, ningekubali siku ile, ungepona?"



"Huenda, mama. Sikudanganyi. Hata mimi niliwahi kumwambia mtu tungoje kesho. Ndiyo maana nilikuwa nawaimbia ile kanuni kila siku."