Amina ya Mguu wa Kulia

Tukitoka Thika kwa matatu, abiria mmoja, dereva wa lori aitwaye Sifuna, alikuwa akimlilia jirani yake wa kiti, mama fundi wa magari mwenye ovaroli: "Madam, hiyo pedeli ya mafuta ya lori yangu nimeiseti na kuiseti, na bado haivuti. Jana mkokoteni ilinipita pale Gatongora!"

"Ukiiseti, uliwasha swichi ukangoja bila kukanyaga?"

"Nilingoja nikiomba."

"Unaomba aje?"

Akaonyesha. Kwa kila "Amina", mguu wa kulia puu! Kiti changu mbele yake kikaruka.

"Ngai, Mungu wangu! Sensa ya pedeli ilisoma huo mguu, kompyuta ya lori ikadhani hapo ndipo sifuri, pedeli isipokanyagwa. Ombea nje."

"Nje? Na shetani akiingia kabla yangu?"

Hilo halifundishwi gereji.

Gari ikasimama steji ya Kimbo. Sifuna akashuka, akafumba macho, akajaribu sala moja hapo nje. Abiria tukaitikia "Amina". Dereva wetu wa matatu pia, kwa mguu wa kulia, na injini ikanguruma.