Sahani ya Tatu

Kijiwe chetu kilikuwa barazani kwangu, Manundu, Korogwe, hatua chache tu kutoka relini. Palikuwa na benchi moja la mninga lenye mguu uliolegea, cherehani yangu mlangoni, na Mbwana muuza kahawa, aliyefika kila siku saa kumi alasiri na birika lake la shaba. Mwaka ule wa 1974 mvua zilikuwa zimekosa, mahindi ya kwetu yameadimika, na dukani tulipata unga wa njano ulioletwa kutoka nje, ule ambao watu waliuita unga wa yanga. Hakuna aliyekaa pale akatulia. Mtu alikunywa kikombe kimoja, akasimama, akatazama barabara, akakaa tena. Mimi naitwa Mdoe, ila kijiweni nilikuwa Cherehani. Hiza, karani wa stesheni, tulimwita Tiketi. Kaleb, aliyesafisha nyuzi katika shamba la mkonge, alikuwa Brashi.

Hiza alikuwa na mtoto mmoja, Tatu, wa miaka mitano. Mkewe, Mwaija, alifua mashuka hospitalini tangu asubuhi, na jioni alisoma darasa la watu wazima. Kila siku ya kazi alipita nyumbani mbio saa tisa, akasonga ugali, akaufunika, akabeba daftari lake akaondoka. Hiza akitoka stesheni alimchukua Tatu kwa jirani, akampakulia chakula uani, kisha akavuka barabara kuja kwetu. Mlango wake tuliuona vizuri kutoka benchini.

Kidogo kidogo Tatu akaacha kula. Uji wa asubuhi alikunywa, lakini chakula cha jioni hakukigusa. Mwaija alirudi magharibi akakuta sahani imejaa vilevile na mtoto amelala kwenye mkeka. Wiki mbili zikapita hivyo, mpaka gauni nililomshonea mwenyewe likaanza kumpwaya mabegani.

Hiza alipotueleza, kila mtu alikuwa na jibu.

— Ni huo unga, akasema Kaleb. Yale mahindi yalilimwa kwa ajili ya farasi. Tumbo la mtu haliyatambui.

— Mbona wewe unaula? nikamuuliza.

— Mimi nimevuta vumbi la mkonge tangu nazaliwa. Tumbo langu halichagui tena.

Mbwana alisema alisikia kwa mtu wa bandarini Tanga kwamba unga ule hunyunyiziwa dawa ya panya kabla haujapakiwa melini, na mtoto ana pua kali kuliko mkubwa. Hiza akasema hapana, kwa sababu Jumapili Tatu anakula, tena unga uleule, anamaliza na kuomba kingine. Kaleb akafikiri kidogo, akasema Jumapili mitambo ya mkonge imezimwa, hewa ni safi, kwa hiyo dawa ya melini haiamki tumboni. Tulicheka sana. Hiza hakucheka. Alikuwa amesimama tayari, anatazama mlango wake.

Jambo lililomkosesha raha halikuwa sahani peke yake. Mwaija alikuwa amemwambia kwamba mtoto akiendelea hivi, yeye anaacha darasa. Na Mwaija alikuwa amefika mbali. Zamani barua za kaka yake wa Sindeni nilimsomea mimi, kama nilivyowasomea wanawake wengi wa mtaa ule. Mwezi uliopita barua ilikuja akaisoma mwenyewe, amesimama palepale mbele ya cherehani yangu, kidole kikitembea chini ya kila neno. Alipomaliza aliirudia tangu mwanzo. Ndiyo maana na mimi sikupenda kusikia habari ya kuacha.

Kaleb akaja na mpango. Alisema mtoto hana shughuli, na asiye na shughuli hasikii njaa. Siku ya pili akaleta fungu la nyuzi fupi za mkonge, zile zisizouzika, akamwita Tatu barazani. Kwa siku tatu wale wawili walikuwa wakitengeneza mwanasesere. Kaleb alisokota mikono na miguu, Tatu akachana nywele kwa kitana kilichovunjika. Mimi nikafungua mfuko wangu wa vipande, naye akachagua mwenyewe kitambaa cha khanga chenye maua mekundu. Alikuwa akiimba huku anafanya kazi. Yule mwanasesere akamwita Mgeni. Tukajipongeza, Mbwana akatoa kahawa ya bure. Jioni ile Tatu alivuka barabara na Mgeni wake kifuani, akawekewa chakula, asile.

Jumamosi Hiza hakuweza kukaa. Alimchukua mtoto, wakapanda basi la kupitia Segera mpaka Mkata, kwa mama yake mdogo, Bi Fatu, ambaye shamba lake la muhogo lilikuwa limevumilia jua. Bi Fatu akasonga bada, ule ugali wa muhogo, akapika kisamvu, akaweka sinia moja chini, na wajukuu wote wakalizunguka pamoja naye. Hiza alituambia kwamba Tatu alikula mpaka akalamba vidole, akagombania ukoko na watoto wenzake. Alirudi Jumapili na furushi la unga wa muhogo begani, uso umemng'aa. Dawa imepatikana, akasema.

Jumatatu Mwaija akasonga bada kwa unga uleule wa Mkata. Hiza akampakulia mtoto, akavuka barabara, akakaa benchini akisugua viganja. Baada ya nusu saa alikwenda kutazama. Bada lilikuwa limepoa, halina alama hata ya kidole.

Hapo ndipo kijiwe kilipochachamaa. Mbwana alisema ni maji, kwamba muhogo wa Mkata unataka maji ya Mkata. Kaleb alisema ni damu, mtoto ni Mzigua, na chakula cha Kizigua kikishavuka Segera kinapoteza ladha. Kila mmoja alipaza sauti kuliko mwenzake, na mimi, Mungu anisamehe, nikatia langu.

Nilikuwa nimekwenda kwa Hiza jioni ileile kumpelekea Mgeni kilemba nilichomshonea. Nilimkuta Tatu peke yake uani, sahani iko mbele yake. Mwanasesere alikuwa amemwegemeza kwenye kinu upande wa pili wa sahani, amemkatia tonge na kulitua karibu na miguu yake. Mtoto alikuwa amekaa tu, anangoja. Nikaacha kilemba, nikarudi zangu. Sasa nikakisimulia kijiwe kisa hicho kama kichekesho.

— Basi ni huyo, akasema Kaleb. Kampa tonge lake mwanasesere, yeye ataanzaje kula? Mwondoeni.

Alisema nusu kwa mzaha. Lakini Hiza alikuwa amechoka kusikiliza. Alivuka barabara, akamchukua Mgeni, akampandisha juu ya kabati. Kilio cha Tatu tulikisikia mpaka barazani, kirefu, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Kesho yake Mwaija hakwenda darasani, akabaki kumlisha mtoto. Keshokutwa pia.

Ijumaa alikuja dada mmoja tusiyemfahamu, mrefu, amebeba rundo la madaftari. Akaniamkia, nikamwitikia. Akajitambulisha kuwa ni Grasiana, mwalimu wa lile darasa, amehamia Korogwe juzi tu. Aliuliza nyumba ya Mwaija. Hiza akasimama, akasema yeye ndiye mumewe, na Mwaija amekwenda kisimani.

Mwalimu akasema Mwaija ndiye aliyekuwa akiwasaidia wenzake, na bila yeye akina mama watatu wa nyuma nao wameacha kuja. Kuna nini?

Hiza akamweleza yote, na sisi tukamsaidia. Tulimweleza unga wa yanga, dawa ya panya, mitambo ya Jumapili, maji ya Mkata, na mwanasesere. Tulipokezana maneno kama watu wanaogombea kiti. Grasiana alisikiliza mpaka mwisho, madaftari yamemlemea mkono.

— Anakula na nani? akauliza.

Hiza akageuka, akatazama ng'ambo ya barabara. Kaleb akakitazama kikombe chake. Mbwana akaanza kufuta birika lililokuwa safi. Mimi nilimwona tena yule mtoto uani na tonge alilomtengea mwenzake, na nikaona haya, maana ni mimi niliyekuwa nimesimama pale nikaona kila kitu.

Hiza hakuaga. Alivuka, akaingia ndani, na mlango ukabaki wazi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakurudi kumalizia kahawa yake. Jirani yake alituambia baadaye kwamba alimshusha Mgeni kabatini, akakaa chini mkekani na viatu vyake vya kazi, na wakala ugali wa njano yeye na binti yake.

Jumatatu Mwaija alipita na daftari kwapani, anakimbilia darasani. Aliniamkia bila kusimama. Hiza siku hizo alianza kufika kijiweni jua linazama, na Kaleb, ambaye ana watoto wanne kwenye kambi ya mkonge, akawa anaondoka kabla ya kikombe cha pili. Hakusema anakwenda wapi wala hatukumuuliza.

Watoto wangu walikuwa wamekwisha kukua na kutawanyika. Lakini jioni moja Zamda, mke wangu, alipoleta sinia barazani kama alivyolileta kwa miaka thelathini, akaliweka na kugeuka arudi jikoni, nilimwambia akae tule. Alisimama akanitazama, kisha akanigusa shingo kwa nyuma ya mkono, akaniuliza kama naumwa.